Sikio Halitaki Kelele, Lataka Mwelekeo: Maikrofoni za vifaa vya kusikia na somo nililolipata Nyeri



Mwaka jana nilialikwa harusi Majengo, Nyeri mjini. Mjomba wangu, nduguye mama, alipanda bara angali kijana kuuza nguo, akaoa huko na kuzaa huko, na leo ni mzee wa miaka sabini na kitu. Siku ile alikuwa akimwoza bintiye wa mwisho. Msikiti ulijaa, spika zaunguruma, watoto wacheza mlangoni. Sheikh akamwinamia na kumwambia amfuatishe maneno ya kuoza. Mjomba akatabasamu, akajibu: "Alhamdulillahi, mimi mzima."

Watu wakacheka. Sheikh akarudia mara ya pili na ya tatu, mwisho mjomba akampa uwakala mdogo wake, naye ndiye aliyeoza. Mzee alikaa ameinamisha kichwa mpaka dua ikaisha. Tangu siku ile alikata baraza, akakata na darsa ya baina ya magharibi na isha.

Kilichonishangaza ni kwamba sikioni alikuwa na kifaa cha kusaidia kusikia. Alikinunua kwa makumi ya maelfu ya shilingi, na betri ilikuwa mpya. Kama kifaa kipo na chafanya kazi, mbona hakusikia? Nilitafuta jibu kwa muda mrefu. Naliandika hapa kwa sababu najua Pwani pia tuna wazee wengi wa namna hii, nasi twawatupia methali ya sikio la kufa tukidhani ni ukaidi.

Sauti kubwa peke yake si dawa

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja mfano wa konokono. Humo mna chembe zenye vinyweleo vidogo mno ambavyo hugeuza mtetemo wa sauti kuwa ishara za kwenda ubongoni. Uzee, kelele za miaka mingi, baadhi ya maradhi na baadhi ya dawa huziua chembe hizo, nazo zikifa hazioti tena. Kwa kawaida za kwanza kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba. Irabu kama a na o hubaki zasikika, lakini herufi kama s, f, t na k hupotea. Kwa mzee kama huyo "kaka", "tata" na "papa" huwa neno moja. Ndiyo maana husema, "Nakusikia, lakini sikufahamu usemalo."

Sasa mpe kifaa kinachokuza kila sauti sawasawa. Kitakuza maneno ya sheikh, na pamoja nayo kitakuza feni, spika, kikohozi cha mtu wa nyuma na vicheko vya watoto. Mwenye masikio mazima huchuja mambo hayo bila kujua. Ana masikio mawili, na ubongo wake hulinganisha sauti imefika wapi kwanza. Aliyepoteza kusikia amepoteza na sehemu kubwa ya uwezo huo wa kuchuja. Anachohitaji ni kusikia zaidi upande mmoja, ule alipo anayesema naye, na kupunguziwa pande nyingine.

Safari ya kifaa hiki

Zamani watu walitumia pembe na mirija, mdomo mpana kwa msemaji na mwembamba sikioni. Ukiitazama vizuri, ile pembe nayo ilikuwa na mwelekeo, kwani ilipokea zaidi sauti ya pale ilipoelekezwa. Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani Miller Reese Hutchison alitengeneza kifaa cha umeme kwa kutumia maikrofoni ya kaboni iliyotoka katika ufundi wa simu. Kilikuwa kizito na sauti yake ya kukwaruza.

Transista ilivumbuliwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1947. Vifaa vya kusikia vilikuwa miongoni mwa bidhaa za mwanzo kuuzwa zikiwa na transista, mwishoni mwa 1952. Watu wa Nyeri huukumbuka mwaka huo kwa jambo jingine: ndio Elizabeth aliorithi umalkia akiwa Treetops, msitu wa Aberdare. Kutokea hapo kifaa kilichokuwa kikifungwa kifuani na waya wake kikaanza kupungua mpaka kikakaa nyuma ya sikio.

Maikrofoni yenyewe ilipata mageuzi mwaka 1962. James West, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Virginia, na Gerhard Sessler, Mjerumani, walikuwa wakifanya kazi pamoja katika maabara hizo za Bell. Walitengeneza maikrofoni ya utando mwembamba wa plastiki unaohifadhi chaji ya umeme wenyewe. Ilikuwa ndogo na rahisi, nayo ikaingia katika simu, redio za kurekodia na vifaa vya kusikia. Mwaka 1996 vikaja vifaa vya kidijitali kamili vya kuvaa sikioni, vyenye kompyuta ndogo ndani. Leo maikrofoni nyingi huchongwa katika silikoni, kama zinavyotengenezwa chipu.

Maikrofoni inajuaje mbele na nyuma?

Maikrofoni ya kawaida hupokea sauti za pande zote sawa. Yenye mwelekeo hutofautiana nayo kwa jambo dogo: ina matundu mawili, la mbele na la nyuma, na kati yake pana nafasi kama ya sentimita 1. Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo nafasi hiyo huikata kwa sehemu 30 hivi za milioni ya sekunde. Muda huo ni mdogo sana, lakini watosha.

Sauti ikitoka nyuma hugusa tundu la nyuma kwanza, na humo ndani hucheleweshwa kidogo. Kipindi hicho nayo yafika tundu la mbele. Zote mbili huufikia utando kwa wakati mmoja, moja upande huu na moja upande huu, zikasukumana na kufutana. Sauti ya mbele haifutiki namna hiyo, kwa sababu ile inayozunguka kupitia nyuma huchelewa mara mbili. Ukichora ramani ya mahali maikrofoni hii inaposikia vizuri, hutokea umbo la moyo.

Ufundi huu ulianzia studio na majukwaani. Mwaka 1939 Benjamin Bauer, mhandisi wa kampuni ya Shure mjini Chicago, alipata njia ya kuupata mwelekeo kwa kiini kimoja tu cha maikrofoni, na maikrofoni yake ya Unidyne ikaenea duniani kwa wahutubu na waimbaji. Ilichukua miaka 30 kuufikisha ufundi huo sikioni. Kifaa cha kusikia chenye maikrofoni ya namna hiyo kilitoka Ujerumani mwaka 1969. Vya siku hizi hutumia maikrofoni mbili, na kompyuta iliyomo huhesabu tofauti ya muda na kuhamisha upande wa kufutwa kulingana na kelele inakotoka.

Inaposhindwa

Wauzaji wengine hawayasemi haya, kwa hivyo nayasema mimi. Kwanza, maikrofoni ya mwelekeo hufaa msemaji akiwa mbele na karibu, mita moja au mbili. Pili, katika jumba lenye marumaru na dari refu, kama misikiti yetu mingi, sauti hugonga ukuta na kurudi kutoka kila upande, na maikrofoni haijui ifute ipi. Tatu, upepo huipa mvumo mkubwa zaidi kuliko maikrofoni ya kawaida. Mwenye kuishi Nanyuki au ufukweni Lamu atayaona hayo. Nne, anayekuita kwa nyuma hutamsikia vizuri, na barabarani hilo ni hatari. Bodaboda haingoji ugeuke.

Kwa khutba na darasani kuna njia nyingine. Moja ni maikrofoni ya mbali: mwalimu huivaa kifuani na sauti yake hurushwa moja kwa moja mpaka kifaa cha mwanafunzi. Nyingine ni waya unaozungushwa ukumbini na kuunganishwa na amplifaya. Vifaa vingi vya nyuma ya sikio vina koili ndogo inayonasa sauti ya waya huo, bila mwangwi wala kelele za watu. Fikra hiyo ilisajiliwa Uingereza tangu mwaka 1937. Kamati za misikiti zinazochanga kwa ajili ya spika za mnara zingeweza kuutazama waya huu pia.

Kilichomkuta mjomba

Baada ya harusi nilikaa naye wiki moja. Tulikwenda hospitali, na jambo la kwanza mtaalamu alilofanya ni kumchungulia masikio. Moja lilikuwa limezibwa na nta. Ilipoondolewa, akapimwa upya kwa mashine, sauti nyembamba mpaka nene, kila sikio peke yake. Hapo ndipo tulipojua kwamba kile kifaa chake kilikuwa na maikrofoni mbili tangu mwanzo. Aliyemuuzia hakukirekebisha kulingana na masikio yake wala hakuiwasha programu ya mwelekeo. Alimtia sikioni, akapokea pesa, basi. Na kizibo hakikuwa cha umbo la sikio lake, sauti ikivuja na kupiga mluzi.

Alichongewa kizibo kipya na kufunzwa kubadilisha programu kwa kubonya. Siku ya soko tulikwenda Karatina, ambako ana kibanda. Soko lile ni kubwa na kelele zake hazina mfano. Zamani alikaa ameielekea barabara, wateja wakisimama ubavuni, naye akitaja bei sivyo na kugombana nao. Tuligeuza kiti: makondakta wa matatu wakawa mgongoni, mteja akaingia na kusimama mbele yake. Mama mmoja akauliza bei ya leso, mzee akamjibu hapo hapo. Kisha akanitazama kana kwamba nimemficha jambo miaka yote hiyo.

Miujiza sikuiona. Khutba ya Ijumaa bado humpotea nusu, mpaka akae safu ya mbele. Na mikono ya kizee hupata tabu na betri ndogo kama tembe ya dawa. Lakini barazani amerudi.

Huduma zilizopo

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya 153,361 wenye ulemavu wa kusikia. Shirika la Afya Duniani lasema watu milioni 430 duniani wahitaji huduma kwa sababu hiyo, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ibara ya 54 ya Katiba yetu yampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu aweza kuomba msaada wa kifaa. Kwa watoto, kuna vituo vya serikali vya tathmini vijulikanavyo kama EARC, vilivyoanzishwa tangu 1984. Upande wa Mlima Kenya una shule za viziwi Tumutumu karibu na Karatina, Kerugoya na Kaaga ya Meru. Sisi tunayo Ziwani hapa Mombasa. Wasiosaidiwa na kifaa chochote wana lugha ya ishara, lugha kamili inayotajwa katika Katiba, na si aibu kuitumia.

Nyeri ina jambo jingine la kuangaliwa. Ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, yenye kazi ya chipu. Sisemi kwamba kesho watatoa kifaa cha masikio. Nasema maikrofoni na kompyuta za vifaa hivi ni kazi ya silikoni, na kijana anayejifunza silikoni Nyeri aweza siku moja kumfikiria babu yake.

Kabla hujanunua

Anza kwa kuchunguzwa nta na maradhi ya sikio, kisha upimwe kila sikio. Muulize muuzaji: kina maikrofoni ya mwelekeo? Kina koili? Nikirudi baada ya mwezi kurekebishwa, nitalipa? Asiyekuwa na jibu la swali la mwisho usimpe pesa zako. Vua kifaa kabla ya udhu na kuoga, na masikio yakauke kabla ya kukirudisha. Kwetu Pwani jasho na chumvi ya hewa hukila kuliko baridi ya Nyeri, hivyo usiku kiweke katika mkebe wenye vile vijipakiti vya kukausha unyevu. Kivae kila siku, kwani ubongo huchukua wiki kadhaa kuzoea.

Na sisi wenye masikio mazima tuna sehemu yetu. Tusimpigie mzee makelele, na tusiseme naye tukiwa tumempa mgongo. Tuje mbele yake, uso wetu auone, tuseme pole pole. Nilipomuaga mjomba stendi ya Nyeri nilimuuliza, kama harusi ile ingefanywa leo, angetaka nini. Akasema, "Ningemwambia sheikh asogee hapa mbele yangu na azime ile spika. Basi."

Ana binti mwingine, mjane, na nasikia posa imeletwa. Inshallah safari hii ataoza mwenyewe.