Judith Anderson, Mwigizaji wa Australia

Adelaide ni mji wa kusini ya Australia, karibu na pwani. Huko, tarehe 10 Februari 1897, alizaliwa mtoto wa kike aliyepewa jina la Frances Margaret Anderson. Ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina jingine, Judith Anderson, na kwa miaka mingi ulidhani kwamba alizaliwa mwaka 1898, maana mwenyewe hakupenda kuusahihisha. Hilo tumsamehe, waigizaji waliotaja umri wao bila ya kupunguza kitu ni wachache mno.

Baba yake, mtu wa asili ya Uskochi, aliiacha nyumba yake mtoto huyu alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi. Mama alibaki na watoto, wala hakuwa na mali. Kabla ya kuolewa alikuwa muuguzi. Sasa alifungua duka dogo la vyakula, na kwa duka lile akawalea wanawe. Kitindamimba wake alionyesha mapema kipawa cha kusoma kwa sauti mbele ya watu. Siku zile ulikuwapo ufundi maalumu wa kutamka mashairi na hotuba, na watoto walishindanishwa katika kumbi za mji. Frances alifundishwa na mwalimu mashuhuri wa ufundi huo, Lawrence Campbell, na mwaka 1915, akiwa na miaka 18, alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza kwa ujira, katika mji wa Sydney. Mchezo wenyewe ulihusu habari za Napoleon na mkewe Josephine, na mkuu wa mchezo alikuwa Julius Knight, mwigizaji aliyetoka Uskochi.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwa sababu jambo hili la mkuu wa mchezo kutoka ng'ambo ndilo lililoamua maisha ya msichana yule. Australia ya zamani zile haikukosa kumbi kubwa wala watazamaji wenye hamu. Lakini miji ilitengana sana. Kutoka Adelaide hadi Sydney ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100. Wenye makampuni ya michezo walitafuta faida, nao waliona kuwa jina la mgeni aliyesifiwa London huuza tikiti kuliko jina la mtoto wa muuza duka wa Adelaide. Basi sehemu kuu zilipewa wageni, na wenyeji walipewa sehemu za kuwashika mkono. Mtu angeweza kuwa hodari kiasi gani, akaendelea kubeba sinia jukwaani mpaka nywele zikageuka mvi. Mwenye tamaa ya kufika mbali alipanda meli, na aliyepanda meli aghalabu hakurudi kukaa. Nchi iliyowazaa iliwalipia nauli wageni, na waliotoka kwake wakajilipia wenyewe.

Frances alisafiri mwaka 1918, pamoja na mama yake, kwenda California. Huko hakupata kazi ya maana, wakaendelea mpaka New York. Kwanza aliingia katika kampuni iliyobadili mchezo kila mara, ambamo mwigizaji huigiza usiku mchezo mmoja na mchana hujifunza maneno ya mwingine. Ni kazi ya punda, lakini hakuna shule iliyo bora kuliko hiyo kwa kumbukumbu na sauti. Mwaka 1923 aliacha jina la Frances akachukua la Judith, na mwaka 1924 mchezo ulioitwa Cobra ulimfanya atajwe katika Broadway, yaani mtaa wa kumbi kubwa za New York. Mwaka 1927 alirudi Australia kwa ziara, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa jina kutoka ng'ambo.

Hakuwa mrefu, wala hakuwa na sura ya namna ambayo wakuu wa sinema waliitafuta. Sura yake ilikuwa kali, na pua yake ilitokeza. Ila alikuwa na sauti nzito iliyoweza kunong'ona ikasikika viti vya nyuma kabisa, na alikuwa na namna ya kusimama kimya hata watu wakaacha kuwatazama waliokuwa wakisema. Kwa hiyo hakupewa kuigiza mabibi arusi. Alipewa wanawake wenye siri, wenye kinyongo, wenye huzuni ya siku nyingi. Alishika sehemu ngumu katika michezo ya Eugene O'Neill na ya Luigi Pirandello, na mwaka 1936 alikuwa Malkia Gertrude katika Hamlet ya New York, John Gielgud akiwa Hamlet.

Mwaka uliofuata aliitwa London, katika ukumbi wa Old Vic, kuwa Lady Macbeth mbele ya Laurence Olivier. Mwanamke huyu wa Shakespeare humsukuma mumewe kumwua mfalme, kisha mwenyewe akavunjika akili, akawa anatembea usiku usingizini akisugua mikono isiyotoka damu. Ukumbi ule ulikuwa na msiba: Lilian Baylis, bibi aliyeuendesha Old Vic kwa miaka mingi, alifariki tarehe 25 Novemba 1937, mchezo ukiwa tayari kufunguliwa. Judith Anderson hakuiacha sehemu hiyo tena. Aliiigiza New York mwaka 1941 pamoja na Maurice Evans, na wakati wa vita vikuu akaipeleka Hawaii mbele ya askari wa Marekani, watu ambao wengi wao hawakuwa wamepata kuona mchezo wa Shakespeare.

Sinema ilimjua kwa jambo moja hasa. Mwaka 1940 Alfred Hitchcock alitengeneza Rebecca, kutokana na kitabu cha Daphne du Maurier. Bwana mmoja tajiri, aliyefiwa na mkewe, anaoa msichana mwoga na kumleta katika jumba lake; humo mna msimamizi wa nyumba, Bibi Danvers, ambaye bado anampenda bibi wa kwanza, aliye kaburini, na anamchukia huyu wa pili. Bibi Danvers hapigi kelele wala hashiki kisu. Hitchcock alieleza baadaye kwamba ni mara chache alimwonyesha akitembea: msichana hugeuka, na tazama, yupo pale amesimama. Judith Anderson alisaidia mpango huu kwa uso usiochezacheza. Filamu ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka. Yeye alipendekezwa kwa tuzo ya waigizaji wasaidizi wa kike, lakini ikaenda kwa Jane Darwell. Tangu hapo watengenezaji wa filamu walimtaka kila walipokuwa na mwanamke wa kutisha. Aliigiza katika Laura mwaka 1944, katika The Ten Commandments mwaka 1956, na katika Cat on a Hot Tin Roof mwaka 1958, na hizi si zote. Mimi naona sinema ilimtumia kama mtu atumiavyo pilipili: kidogo kidogo, kwa kuogopa ukali wake.

Ukali huo wote ulipata nafasi tarehe 20 Oktoba 1947, New York. Mchezo ulikuwa Medea. Asili yake ni ya Euripides wa Athene, aliyeutoa mwaka 431 kabla ya Kristo, akawa wa mwisho katika mashindano ya watunzi watatu. Medea ni binti mfalme wa nchi ya mbali. Kwa kumpenda Jason amewasaliti watu wake na kumfuata Ugiriki. Sasa Jason anataka kumwacha ili amwoe binti wa mfalme wa Korintho. Mgeni huyu, asiye na ndugu wala pa kurudi, anamwua bibi arusi kwa vazi lenye sumu, kisha anawaua watoto wake mwenyewe ili mume asibakiwe na kitu. Judith Anderson alimwomba mshairi Robinson Jeffers, aliyeishi Carmel katika nyumba ya mawe aliyosaidia kuijenga kwa mikono yake, auandike upya kwa ajili yake. Gielgud aliuongoza na kuwa Jason.

Ulionyeshwa mara 214, na mwigizaji akapata tuzo ya Tony ya mwaka 1948. Ugumu wa sehemu hii si mauaji. Mauaji hata mwigizaji dhaifu aweza kuyafanya. Ugumu ni kumfanya mtazamaji, ambaye anamchukia muuaji wa watoto, amsikilize kwanza kwa huruma, na baadaye ajishangae kwamba alikuwa upande wake. Yatajwa kuwa hili ndilo alilofaulu. Wako watakaosema kwamba alijua habari ile tangu utotoni, yeye aliyemwona mama yake ameachwa na aliyeishi ugenini maisha yake yote. Mimi sisemi hivyo. Mama yake alifungua duka, hakuua mtu. Na wengi walioachwa na baba zao hawakupata kuigiza hata robo ya Medea. Sauti ile ilitokana na miaka thelathini ya kazi.

Aliupeleka mchezo Berlin mwaka 1951 na Paris mwaka 1955. Mwaka huo huo wa 1955 aliuleta Australia, na hapo utaona kwamba mambo yalikuwa yameanza kugeuka. Aliyemwita hakuwa tajiri wa kampuni ya tikiti bali chama kiitwacho Elizabethan Theatre Trust, kilichoundwa mwaka 1954 ili nchi iwe na michezo yake na waigizaji wake. Miongoni mwa wasichana waliokuwa jukwaani pamoja naye, katika kundi la wanawake wa Korintho, alikuwamo mzaliwa wa Melbourne aitwaye Zoe Caldwell, mwenye miaka 22.

Heshima zilifuatana. Alipata tuzo ya televisheni, Emmy, mara mbili kwa Lady Macbeth yule yule, kwanza kwa mchezo wa mwaka 1954, kisha kwa filamu ya mwaka 1960 iliyopigwa Uskochi. Na mwaka huo wa 1960 Malkia Elizabeth wa Pili alimpa cheo cha Dame, ambacho kwa wanawake ni kama kile cha Sir kwa wanaume. Mwaka 1970, akiwa na miaka 73, alianza ziara ya Marekani akiwa Hamlet mwenyewe, kijana mwanamfalme. Sarah Bernhardt wa Ufaransa alikwisha kuifanya sehemu hiyo mwaka 1899, lakini katika umri mdogo kuliko huo. Wahakiki hawakumhurumia. Huenda walikuwa na haki. Hata hivyo bibi wa miaka 73 aliyekwisha kupata kila sifa hakulazimishwa na mtu kujitia hatarini namna ile. Baadaye alionekana katika filamu ya safari za nyota ya mwaka 1984 na katika mchezo wa mfululizo wa televisheni, na watoto wakamjua bila ya kujua alikuwa nani. Mwaka 1991 Australia ilimpa nishani yake ya juu, na tarehe 3 Januari 1992 alifariki Santa Barbara, California, akiwa na miaka 94.

Lakini miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1982, Medea ya Jeffers ilionyeshwa tena New York. Medea alikuwa Zoe Caldwell, yule msichana wa kundi la mwaka 1955, naye alipata Tony kama mwenzake wa kwanza. Judith Anderson, mwenye miaka 85, alikubali kuwa yaya mzee wa nyumba. Katika mchezo huo yaya ndiye afunguaye maneno. Alitoka peke yake mbele ya mlango, akaeleza masaibu ya bibi yake. Kisha kilio cha Medea kikasikika kutoka ndani, kwa sauti ya mwingine, naye akageuka kusikiliza.