Elimu Endelevu ya Tiba ya Mapafu na Usingizi

Elimu endelevu ya tiba ya mapafu na usingizi ni mafunzo wanayopewa madaktari waliokwisha kufuzu, ili ujuzi wao usiachwe nyuma na utafiti.

Fani hizi mbili hukutana kwenye njia ya hewa. Mgonjwa wa kukatika pumzi usingizini hukoroma, koo hujifunga, hewa husimama kwa sekunde 10 au zaidi, kisha hugutuka akihema. Asubuhi mara nyingi hakumbuki lolote. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walichapisha habari za wagonjwa watano waliolala wakipulizwa hewa yenye shinikizo kupitia puani, na koo zao zikabaki wazi usiku. Daktari aliyehitimu kabla ya hapo hakuikuta tiba hiyo chuoni. Ilimbidi aifuate mwenyewe, na wagonjwa wake walistahili aifuate mapema.

Darasa lenye faida kubwa kuliko yote ni la vitendo. Daktari husoma rekodi ya usiku mzima kwa vipande vya sekunde 30, akilinganisha mawimbi ya ubongo, mwendo wa kifua na oksijeni ya damu. Kwenye spirometa, kifaa cha kupima pumzi, hujifunza kumhimiza mgonjwa apulize kwa nguvu mpaka pumzi iishe kabisa, kwani mpulizo uliokatizwa hutoa majibu ya kupotosha.

Nchini Kenya, daktari hukusanya alama za mafunzo endelevu ili leseni yake ihuishwe kila mwaka.