Kilima cha Mrima: Hazina iliyojulikana miaka 70 bila kuchimbwa

KISIWA cha Mombasa kimekaa juu ya jiwe lisilo na dhahabu wala shaba. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, nayo imesimama juu ya mwamba uo huo wa matumbawe.

Kwa hesabu za wanajiolojia, mwamba huo ni wa juzi tu. Sehemu yake kubwa iliumbika baharini yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati maji ya bahari yalipokuwa juu kuliko yalivyo leo.

Hata hivyo, yapata kilomita 65 kusini-magharibi mwa kisiwa hicho, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, katika Kaunti ya Kwale, kuna kilima ambacho kimewashughulisha watafiti wa madini tangu miaka ya 1950. Nacho ni Kilima cha Mrima.

Kilima hicho kisichanganywe na Mrima ya Kiswahili cha kale, lililokuwa jina la pwani ya bara inayoelekeana na Unguja. Hiki ni kilima kimoja chenye msitu, na kwa Wadigo, mojawapo ya jamii tisa za Mijikenda, msitu huo ni kaya, yaani mahali patakatifu pa matambiko.

Kilivyoumbika

Anayetoka ufuoni kuelekea bara hukanyaga miamba inayozidi kuzeeka. Baada ya matumbawe huja miamba ya tope gumu ya zama za Jurasiki, ambayo huonekana upande wa Changamwe. Baada ya hiyo huja mawe ya mchanga ya Duruma, ambayo ni makongwe zaidi.

Katika zama za Kretasia, wakati dinosaria wangali wakiishi, mwamba ulioyeyuka ulipanda kutoka chini sana ya ardhi na kuyapenya mawe hayo ya mchanga. Tukio hilo liliacha kundi la vilima, kikiwemo Jombo na Mrima.

Mrima ulijengwa na kabonatiti, mwamba adimu wa moto ambao umejaa chokaa badala ya silika. Miamba ya aina hiyo hubeba madini ambayo hayana nafasi katika mawe ya kawaida: niobiamu, thoriamu na yale yaitwayo madini adimu.

Kazi ya pili ilifanywa na mvua. Kwa mamilioni ya miaka, maji yaliyeyusha chokaa na kuichukua, yakabakiza madini yasiyoyeyuka. Ndiyo maana kilima kimefunikwa kwa udongo mzito wenye chuma na manganizi, na ni katika udongo huo, wala si katika mwamba mtupu, ambamo utajiri umerundikana.

Mgodi wa Araxá nchini Brazil, ambao ni mkubwa kupita yote ya niobiamu duniani, nao uliumbika kwa njia iyo hiyo. Niobiamu huongezwa katika chuma cha pua na cha mabomba ili kiwe imara bila kuwa kizito. Madini adimu nayo hutengeneza sumaku zenye nguvu za magari ya umeme na mitambo ya upepo.

Historia ya utafutaji

Wanajiolojia wa serikali ya kikoloni walichunguza eneo la Mombasa na Kwale mwanzoni mwa miaka ya 1950, na katika muongo huo kampuni ya Anglo American ilifanya utafiti wake Mrima. Tangu wakati huo kuwapo kwa niobiamu hakujawa siri.

Kilichokosekana ni faida. Chembe za niobiamu za Mrima ni ndogo mno na zimeshikamana na madini mengine, hivyo kuzitenganisha ni kazi ngumu na ghali. Aidha, thoriamu iliyomo hutoa mnururisho, na upimaji umeonyesha kuwa kiwango chake cha asili kilimani hapo ni cha juu kuliko kawaida.

Mambo yalibadilika mwaka wa 2010, wakati China, ambayo ilitawala soko la madini adimu, ilipopunguza kiasi ilichouza nje na bei zikapaa. Kampuni ya Cortec Mining Kenya, ambayo tayari ilikuwa na kibali cha utafutaji, ilichoronga mashimo na mwaka wa 2013 ikatangaza kuwa madini adimu ya Mrima yalikuwa na thamani ya dola bilioni 62.4 za Marekani.

Msomaji aipokee takwimu hiyo kwa tahadhari. Thamani ya madini yaliyo ardhini haijaondolewa gharama za kuyachimba, kuyasafisha na kutunza mabaki yenye mnururisho. Si fedha zilizo mkononi.

Leseni na mahakama

Cortec ilipewa leseni maalumu ya uchimbaji Machi 7, 2013, siku tatu tu baada ya uchaguzi mkuu. Agosti mwaka huo, Waziri wa Madini, Bw Najib Balala, ambaye ni mzaliwa wa Mombasa, aliifuta.

Kampuni ilishindwa katika mahakama za Kenya. Ikaendelea na kesi mbele ya kituo cha Benki ya Dunia cha kutatua mizozo ya uwekezaji, kijulikanacho kwa kifupi kama ICSID, ikidai fidia ya zaidi ya dola bilioni 2.

Mnamo Oktoba 22, 2018, majaji wa usuluhishi waliitupilia mbali kesi hiyo. Walisema leseni ilitolewa bila kutimiza masharti ya sheria, yakiwemo ya kulinda mazingira, katika kilima ambacho ni msitu wa hifadhi na turathi ya taifa. Ombi la kubatilisha uamuzi huo nalo lilikataliwa Machi 2021.

Hivyo basi, kile ambacho wazee wa kaya walikuwa wakikitunza kwa mila ndicho kilichokuja kuiokoa hazina ya taifa. Lau sheria za misitu na turathi hazikuwapo, huenda mlipaji kodi angelibebeshwa deni zito.

Mbele ya safari

Mvuto haujakwisha. Novemba 2019 serikali ilisimamisha utoaji wa leseni mpya za madini, na marufuku hiyo ilianza kulegezwa mwaka wa 2023. Kufikia mwaka wa 2025, wawekezaji wa kigeni, wakiwemo wa Australia, walikuwa wametangaza nia yao ya kuiendeleza Mrima.

Kwale ina uzoefu wa karibu. Titaniamu iliyochimbwa katika kaunti hiyo ilisafirishwa kwa meli kupitia Likoni kuanzia 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Maisha ya mgodi ule yalikuwa kama miaka kumi na mmoja tu.

Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi machimboni. Sehemu hiyo ya kumi haielezi ni nani atakayefidiwa shamba lake, wala mabaki yenye thoriamu yatazikwa wapi, wala wazee watafanyia wapi matambiko yao iwapo msitu utafyekwa.

Hayo ndiyo maswali ambayo wakazi wa Mrima wanastahili kujibiwa kwa maandishi kabla ya leseni yoyote kutiwa saini. Udongo wa kilima umepimwa na kuandikwa kwa zaidi ya miaka 70. Hautaharibika kwa kungoja majibu.