Uradi
Miongoni mwa Wahindu wa Kampala wapo waamkao kabla ya alfajiri, katika wakati uitwao brahma muhurta, uanzao takriban dakika 96 kabla ya jua kuchomoza, wakakariri mantra, yaani maneno yao matakatifu, huku wakihesabu kwa shanga 108 za mala, tasbihi yao. Kusema kwamba watu hao wanaimba nyimbo ni kuwapunja. Lugha yetu inalo neno uradi, lenye asili ya Kiarabu, nalo ni maneno matukufu yakaririwayo kwa wakati wake maalumu. Na Waislamu wa pwani husema kuvuta uradi. Itikadi ni mbalimbali, naam, lakini ibada ya ulimi na hesabu ni ile ile. Basi, ndugu waandishi, andikeni kwamba Mhindu anavuta uradi wake.