UZI: Jinsi bima ya mwalimu ilivyotoka kwa hati ya mshahara ikaenda mahali hatuioni

1/ Kila mjadala wa mishahara ukianza hapa mtandaoni, sauti ni tatu. Wa kwanza: "Turudishieni marupurupu ya matibabu mkononi." Wa pili: "Bima ni bora, nyinyi hamwelewi." Wa tatu: "Mbona nakatwa SHA na bado nalipa hospitalini?" Wote watatu wana haki kiasi. Hebu turudi nyuma miaka 60 tuone ugomvi huu ulianzia wapi. Sitataja mwanasiasa wala chama, kwa hivyo tafadhali msinianzie.

2/ Mwaka 1965 serikali changa iliondoa ada ya shilingi 5 ambayo mgonjwa wa nje alikuwa akitozwa katika hospitali za umma. Mwaka uliofuata, 1966, ikaundwa NHIF. Aliyelazimika kujiunga ni mwajiriwa mwenye mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi kwenda juu, na alikatwa shilingi 20. Shilingi 1,000 wakati ule haikuwa pesa ya mtu wa kawaida. Yaani bima yetu ilianza na wenye mishahara minono. Mkulima na mchuuzi walifunguliwa mlango mwaka 1972, tena kwa hiari yao.

3/ Walimu je? Kabla ya 1967 mwalimu angeweza kuwa ameajiriwa na misheni, mwenzake wa ng'ambo ya mto ameajiriwa na baraza la wilaya, na masharti yao hayafanani. KNUT iliundwa 1957, na moja ya vita vyake vikubwa ilikuwa kupata mwajiri mmoja. TSC ilipoanza 1967, ndipo ikawezekana kuzungumzia nyumba, pensheni na matibabu ya walimu wote kwa mkupuo mmoja. Bila mwajiri mmoja hakuna meza moja ya kujadiliana.

4/ Sasa ruka hadi mwisho wa 1989. Ni enzi za masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, na serikali inaleta "kuchangia gharama" hospitalini. Mwaka 1990 ada ya wagonjwa wa nje ikasimamishwa baada ya malalamiko, kisha ada zikarudishwa polepole. Mwaka huo huo wa 1990 makato ya NHIF yakaacha kuwa sawa kwa wote: yakawa kati ya shilingi 30 na 320 kulingana na mshahara. Lakini NHIF ya siku hizo ililipia kulazwa. Ukiwa na malaria ya kutembea nayo, ni mfuko wako.

5/ Ndiyo maana marupurupu ya matibabu yakawa jambo zito. Mwaka 1997, mwaka wa uchaguzi, walimu waligoma. Serikali ikakubali nyongeza ya asilimia 105 hadi 200 pamoja na marupurupu, ikaandikwa kwenye Tangazo la Kisheria nambari 534. Malipo yangekuja kwa awamu tano. Awamu ya kwanza ikalipwa. Uchaguzi ukapita. Mwaka 1998 wakaambiwa pesa hakuna, wakagoma tena. Mwaka 2013, miaka 16 baadaye, walimu walikuwa bado barabarani wakidai marupurupu ya tangazo lile lile.

6/ Kumbuka hapo ukisikia mtu jukwaani akiahidi kitu bila kusema kitatoka fungu gani la bajeti. Ahadi ya 1997 iliandikwa, ikachapishwa, ikawa sheria, na bado haikulipwa kama ilivyoandikwa.

7/ Turudi kwa swali la "mkononi au bima". Chukua mfano tu: shule ina walimu 20, kila mmoja anapata 1,500 ya matibabu kwa mwezi. Kwa mwaka kila mtu ana 18,000. Mmoja akihitaji upasuaji wa 300,000, anaitisha harambee. Wakiweka pamoja, kuna 360,000 kwa mwaka, na upasuaji huo unalipika. Basi bima ni hiyo tu, harambee iliyochangwa kabla ya ugonjwa. Anayesema bima ni bora hajakosea hesabu.

8/ Kwa hivyo kuanzia 2012 watumishi wa umma waliwekwa chini ya mpango maalum wa NHIF, na miaka michache baadaye walimu nao wakaacha marupurupu yao ya matibabu ili TSC iwanunulie bima ya pamoja kupitia kampuni binafsi. Kwenye karatasi, hatua nzuri. Lakini kitu kimoja kilibadilika kimyakimya. Pesa ikiwa kwenye hati ya mshahara unaiona. Ikishaunganishwa, mkataba unatiwa sahihi na mwajiri na kampuni. Mwenye pesa hayupo mezani.

9/ Mamangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Kuna siku alipeleka homa na presha yake katika kituo alichozoea. Msichana wa mapokezi akamwambia, "Pole mwalimu, siku hizi hatuchukui bima yenu." Tangu lini? Hajui. Mama akatoa 3,200 mfukoni, akarudi nyumbani akanyamaza. Jioni ndipo aliniuliza: "Wewe unayesomea siasa, hii pesa walisema ni yangu. Mbona sikuulizwa?" Uzi huu ni jibu lake, nimechelewa tu.

10/ Na wanafunzi? Wengi wamesahau EduAfya. Ilianza 2018, ikiwapa wanafunzi wa sekondari za umma bima kupitia NHIF. Mwisho wa 2023 mkataba ukaisha na mpango ukafa nao. Mdogo wangu alikuwa kidato cha pili. Hakuna aliyetuma barua nyumbani kusema mlikuwa na bima, sasa hamna. Tulijua alipovunjika mkono uwanjani.

11/ Wazo la bima kwa kila Mkenya nalo si la juzi. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya jamii, rais wa wakati huo akakataa kuutia sahihi. Hoja kubwa ilikuwa gharama. Mwaka 2015 makato ya NHIF yakapanda hadi kati ya 150 na 1,700, na matibabu ya wagonjwa wa nje yakaongezwa. Kisha sheria mpya za 2023, kesi mahakamani, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi.

12/ SHA inakata asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, bila kikomo cha juu. Wa 20,000 alikuwa analipa 750, sasa ni 550. Wa 50,000 alitoka 1,200 hadi 1,375. Wa 100,000 alitoka 1,700 hadi 2,750. Kwa hivyo anayesema "kila mtu ameumizwa" amekosea, na anayesema "hakuna aliyeumizwa" amekosea pia. Jambo ambalo halisemwi sana: kwenye NSSF mwajiri anachangia sawa na wewe. Kwenye SHA mwajiri hachangii hata shilingi. Anakata yako na kuituma.

13/ Desemba 2025 walimu wa TSC nao wakahamishwa kutoka kampuni binafsi hadi mpango ulio chini ya SHA. Wengine wameshangilia, wengine wana hofu. Mimi nauliza kile mama aliuliza: nani alikuwa mezani?

14/ Halafu kuna walio nje kabisa ya mjadala. Mwalimu wa BOM analipwa na kamati ya shule kutokana na michango ya wazazi. Mwalimu mwanagenzi wa JSS alianza na 20,000 kwa mwezi, kazi ile ile, darasa lile lile. Aprili 2024 mahakama ya kazi ilisema kuwaajiri walimu waliohitimu kama wanagenzi kunakiuka haki zao. Na kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi anapata dawa za kutosha akiugua. Muulize mwalimu wa BOM jirani yako kama amewahi kuona hizo dawa.

15/ Kwa hivyo mtu akija kuomba kura akiongea bima, muulize matatu. Nani anakatwa na mwajiri anaongeza nini? Nani anashika pesa, na wenye pesa wanauona mkataba? Nani ameachwa nje? Asipojibu la tatu, mrudishe kwa la tatu.

16/ Ukiona nimekosea mwaka au takwimu, nisahihishe hapa chini kwa heshima, nitarekebisha. Na kama wewe ni mwalimu, andika: bima yako ilikataliwa lini mara ya mwisho, na ulijulishwa vipi? Mama atasoma majibu. Ameshanyang'anya simu yangu.