Shamba la Nabothi na Hesabu ya Mungu

Katika safari za Injili, swali moja nimeulizwa pande zote mbili za mpaka. Ibada ikiisha, mtu ananivuta pembeni: "Mwinjilisti, shamba la baba limechukuliwa, na aliyelichukua anazidi kunawiri. Kwani Mungu haoni?" Leo tunapomshukuru Bwana kwa miaka aliyotutunza, naomba nijibu kwa historia ya Nabothi wa Yezreeli, 1 Wafalme 21.

Omri, baba yake Ahabu, alipotaka kujenga Samaria alimlipa Shemeri, mwenye kilima, talanta 2 za fedha. Alikuwa mfalme mwovu, lakini alinunua. Mwanawe akalitamani shamba la mizabibu lililopakana na jumba lake kule Yezreeli. Mwanzoni naye aliomba vizuri: nikupe shamba bora zaidi, au fedha. Nabothi akakataa. Haukuwa ubishi. Torati, Walawi 25, inafundisha kwamba nchi ni mali ya Mungu, haiuzwi kwa kudumu.

Ahabu akajilaza kitandani, akasusa chakula. Yezebeli akaandika barua, akazipiga muhuri wa mfalme. Angalia dhambi ilivyovaa vazi la dini: ukatangazwa mfungo, wakawekwa mashahidi 2 kama sheria inavyotaka, wakasema Nabothi amemtukana Mungu na mfalme. Wazee wa mji wakatii tu. Nabothi akapigwa mawe nje ya mji. Kesi imekwisha, makaratasi yako sawa!

Na Ahabu hakuwa mfalme mdogo. Jiwe la Shalmaneseri wa Tatu wa Ashuru, ambalo leo liko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza huko London, linamtaja katika vita vya Qarqar, mwaka 853 KK, na kumhesabia magari ya vita 2,000 na askari 10,000. Nabothi hayumo katika jiwe hilo. Wafalme wa dunia huhesabu magari. Lakini Mungu alimtuma Eliya amkute Ahabu palepale shambani, amwambie kwamba damu ile itadaiwa.

Hapa wengi tunajikwaa, kwa sababu hukumu haikuja kesho yake. Ahabu alivaa magunia, akajinyenyekeza, na Mungu akasogeza mbele balaa la nyumba yake hadi siku za mwanawe. Baadaye Ahabu mwenyewe akafa kwa mshale uliopigwa kwa kubahatisha, vitani Ramoth-Gileadi. Ikapita miaka zaidi ya 10 ndipo Yehu akamwua Yoramu mwana wa Ahabu, na maiti ikatupwa katika shamba lilelile la Nabothi.

Sasa fungua 2 Wafalme 9:26. Hapo ndipo tunasikia jambo ambalo ile sura ya kwanza haikulitaja: damu ya Nabothi na ya wanawe. Kumbe watoto nao waliuawa! Mji ulinyamaza, barua hazikuwataja, lakini Mungu alikuwa amewahesabu.

Ila usikimbilie panga, ndugu yangu. Yehu alimwaga damu nyingi, na katika Hosea 1:4 Mungu anasema ataidai nyumba yake kwa damu ya Yezreeli. Zekaria, wa kizazi cha 4, alitawala miezi 6 tu akauawa. Hata fimbo iliyotumika ilihesabiwa. Sisi wa nchi hizi tunajua jinsi kisasi cha ardhi kinavyozaa kisasi.

Sitakudanganya. Nabothi hakurudi kuvuna zabibu zake, na mimi siwezi kukuahidi kwamba shamba litarudi mwaka huu. Ninachojua ni kwamba kwa Mungu hakuna damu wala chozi linalopotea katika hesabu. Kwa hiyo nenda kwa viongozi, nenda mahakamani, sema kweli, na moyo wako uuache mikononi mwa Bwana. Wewe mzee wa kanisa, ukiletewa barua ya Yezebeli, usitie sahihi. Na wewe uliyedhulumu, Ahabu alipewa nafasi ya kutubu. Rudisha leo, maana Mungu hajafunga daftari.