Nyumba, Zizi au Boma? Mashimo ya Wasirikwa Hyrax Hill

Hyrax Hill ni kilima cha majabali kilichoko Nakuru, katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Jina lake latokana na pimbi wakaao katika mawe hayo. Mary Leakey alifanya uchimbuzi wake hapo mwaka 1937 na 1938. Mwaka 1943 eneo hilo likawekwa chini ya ulinzi wa sheria, na mwaka 1965 nyumba ya shamba iliyokuwapo ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Kilima hakikukaliwa na watu wa zama moja. Wapo wafugaji wa Zama Mpya za Mawe, ambao wanawake wao walizikwa pamoja na vyombo vya mawe. Vipo vishimo vya bao vilivyochongwa majabalini, ambavyo mchezaji wa Pwani angevitambua mara moja. Lakini lililozua mjadala ni mashimo mapana ya mviringo ya Zama za Chuma, yanayohusishwa na Wasirikwa, watu wanaotajwa katika masimulizi ya Wakalenjin na Wamaasai.

Wachunguzi wa mwanzo waliyaita mashimo hayo nyumba. Neno hilo liliwachora wenyeji kama watu walioishi ardhini, na taswira hiyo ikadumu. Uchimbuzi wa John Sutton katika miaka ya 1980 ulithibitisha jambo jingine: shimo lilikuwa mahali pa kulaza ng'ombe. Samadi na matope yaliyozolewa humo yalirundikwa kando ya mlango hata yakawa kichuguu. Nyumba zilijengwa nje ya ukingo wa shimo, na mtu aliziingia kwa kupitia humo humo penye mifugo.

Je, Kiswahili kiyaiteje? "Nyumba" ni kosa. "Zizi" ni sahihi kwa shimo lenyewe, lakini laacha nje watu waliolala hatua chache kutoka hapo. Neno lifaalo zaidi ni "boma", kwa kuwa katika Kiswahili cha bara hubeba pamoja ua wa mifugo, makazi ya familia na kinga dhidi ya wavamizi. Na kuwakinga ng'ombe ndiko kulikokusudiwa. Hata hivyo, boma ni pia ngome, na tangu enzi za ukoloni ni ofisi ya serikali ya wilaya. Mwandishi atakayelitumia hana budi kulifasili pale alitajapo kwanza.